Mgeni Njoo, Pikipiki Ipone

Msikilizaji wangu, kama umewahi kuishi jirani na mtu mwenye pikipiki mbovu, sauti hii unaijua: kwatu… kwatu… kwatu… halafu kimya, halafu mtu anaguna. Hiyo ni kiki inapigwa na injini haiitiki. Mimi niliisikia uani kwa mjomba wangu, Muheza, katika siku 9 za kuhangaika. Na kinachouma ni kwamba injini iliyokuwa ikipigwa kiki ilikuwa mpya. Imetoka kwenye boksi, bado inanukia grisi ya kiwandani. Jioni hii naomba nikusimulie siku hizo 9, maana kuna jambo nilikuwa nalielewa kinyume, na nadhani wengi mnaotembelea pikipiki za zamani mnalielewa kinyume vilevile.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125. Mjomba aliinunua ikiwa imeshatumika, mimi nikiwa darasa la 4. Imebeba machungwa, imebeba mbolea, imebeba wagonjwa usiku wa mvua, na imembeba bibi harusi mmoja ambaye leo ndiye mama wa watoto wangu. Kwa hiyo ukiniambia niiuze kwa watu wa chuma chakavu, unajua nitakujibu nini.

CG125 ilizaliwa katikati ya miaka ya 1970, na haikubuniwa kwa ajili ya mtu wa Tokyo anayekwenda ofisini. Wahandisi wa Honda walikwenda kuwaangalia wateja wao wa nchi zenye barabara kama zetu, wakayaona ambayo wewe na mimi tungewaambia bure: oili haibadilishwi kwa wakati, kichujio cha hewa hakisafishwi, na pikipiki ya watu wawili inapandwa na watatu pamoja na gunia. Injini nyingine za wakati ule zilikuwa na cheni nyembamba ndani inayozungusha kemu juu kabisa, kwenye hedi. Cheni ile ikikosa oili safi haichukui muda. Basi wakarudi nyuma kwa makusudi. Wakaishusha kemu chini karibu na krenki, wakaizungusha kwa gia, na valvu wakaziachia vijiti viwili vizisukume. Tena kemu yenyewe ina nundu moja tu, inayohudumia valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa. Mtu wa mashindano angecheka. Lakini mwaka 1976, Honda walipoanza kutengeneza pikipiki kule Manaus, katikati ya msitu wa Amazoni nchini Brazili, CG125 ndiyo iliyotoka ya kwanza, na aliyeitangaza ni Pelé. Pakistani wanaiunda hadi leo.

Baadaye viwanda vya China vikaichukua injini ile ile, vikainakili, vikaiongezea. Sehemu kubwa ya bodaboda zinazokupita kila siku ni wajukuu wa ile CG, hata kama ubavuni zimeandikwa jina jingine. Silinda ya asili ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5, ndipo unapata zile sentimita za ujazo 124. Walioinakili wakaiacha safari ya pistoni kama ilivyo, wakapanua kipenyo hadi milimita 62. Ukipiga hesabu unapata 149, dukani wanakuambia 150. Kumbuka hilo, litarudi.

Ya mjomba ilikufa kifo cha kawaida. Ilianza kugonga chini, ko ko ko, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Beringi ya konrodi. Mjomba akaipandisha milima na ugonjwa huo kwa miezi, akisema itanyamaza yenyewe. Ikanyamaza yenyewe, kweli, njiani, na tukairudisha nyumbani juu ya pick-up ya machungwa. Fundi alipoifungua, konrodi ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa miaka 6, na pistoni imekwaruza silinda mistari unayoihisi kwa ukucha. Kuitengeneza ni kukereza silinda, kununua pistoni kubwa zaidi, na kupeleka krenki kwa mtu mwenye mashine ya kuikandamiza na macho ya kuinyoosha. Tukapiga hesabu. Injini nzima mpya, ya kunakili, ilikuwa na ahueni.

Mjomba akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi nikafunga safari hadi Gerezani, Dar es Salaam, nikarudi na mgeni kwenye boksi.

Hapo ndipo penye kosa langu. Nilidhani tukishamkaribisha mgeni, kazi imekwisha. Kumbe injini mpya ni mzima anayehamia nyumba ya mgonjwa. Anakuta bomba limeziba, taa haziwaki, mlango haufungi. Kila kilichotusumbua siku zile 9 hakikuwa ndani ya injini. Kilikuwa pale injini inapokutana na kitu cha zamani.

Tuanze na bolti. Tundu za chini ziliingia kwenye fremu kama zimezaliwa pamoja. Ya juu ikakataa. Imepishana kidogo sana, upana wa punje ya mchele. Fundi asiye na subira hapo huchukua nondo, husukuma, hupitisha bolti kwa nguvu, akakaza. Inaingia. Lakini injini inakaa imejinyonga, kama mtu mrefu aliyelazwa kitanda kifupi, na siku utakayotumbukia shimoni lile sikio la alumini linapasuka. Yetu tulichonga kibati kipya, tukaenda kuchomelea, siku moja ikaisha hapo.

Cheni nayo. Cheni ya CG ni namba 428, na mgeni anatumia 428 hiyohiyo, kwa hiyo unaweza kudanganyika. Fundi alifunga kamba kwenye sproketi ya nyuma, akaivuta mpaka mbele, kama mwashi anayenyoosha ukuta. Mbele ilikuwa imetoka nje milimita 3 hivi. Tukaisogeza injini kwa washa. Na ukibadili sproketi ya mbele, badili na ya nyuma na cheni. Meno yaliyochakaa yanakula cheni mpya, na cheni iliyochakaa inakula meno mapya. Siongezi neno.

Oili: injini hizi zikiwa kwenye boksi usiziamini. Weka lita moja kasoro kidogo ya oili ya pikipiki kabla hujagusa kiki, na usisubiri mwezi kuibadilisha, maana mwanzoni vyuma vinasugana na unga wake wote unazunguka humo. Valvu tulizipima kwa vile vibati vyembamba: milimita 0.08, injini ikiwa baridi, zote mbili.

Sasa umeme. Siku 6 kati ya zile 9 ziliishia hapa, kwa hiyo na mimi nitakaa hapa.

Kwenye injini tuliyonunua, umeme wa plagi hautoki kwenye betri. Magineti inapozunguka, kuna koili ndani yake inayozalisha umeme na kuujaza kwenye kile kiboksi cheusi, CDI. Pembeni ya magineti kuna kidude kidogo, pikapu, kinachoona nundu ya magineti ikipita na kukiambia kiboksi: sasa! Kiboksi kinaumwaga umeme wote kwa mkupuo kwenye koili ya plagi, cheche inaruka. Betri hata ukiichomoa ukaiweka sebuleni, injini inawaka.

Na kuizima kwake kuna ajabu. Hukati umeme, unaupoteza. Kuna waya mweusi wenye mstari mweupe. Ukigusishwa kwenye bodi ya pikipiki, umeme uliokuwa uende kwenye plagi unakimbilia kwenye chuma na injini inazimika. Ukiachwa huru, injini inaendelea. Ndiyo kazi ya funguo: ukizima, funguo inauunganisha waya ule na bodi.

Sasa, miaka ya nyuma kabisa pikipiki ya mjomba ilibadilishiwa waya zote, ikafungiwa za pikipiki ya aina nyingine, ile inayochukua umeme wa plagi kwenye betri. Na kwenye pikipiki ya aina hiyo nako kuna waya mweusi wenye mstari mweupe. Rangi zilezile. Kazi yake kinyume kabisa! Ukifungua funguo, waya huo unapeleka umeme wa betri mbele, cheche ipatikane. Kwa mmoja, waya ule ni wa kuwasha. Kwa mwenzake, ni wa kuzimia.

Fundi wetu wa kwanza alifunga rangi kwa rangi. Nani angemlaumu? Hata mimi nilikuwa nimeshika tochi nikimwambia, "Huo hapo, mweusi na mweupe, unafanana." Akaunganisha. Mjomba akafungua funguo. Volti 12 za betri zikaingia CDI kupitia mlango wa kuzimia. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na harufu, hakukuwa na chochote cha kutuonya. Tukaanza kupiga kiki. Kwatu… kwatu… kwatu…

Siku ya 4 tukakubaliana kwamba CDI imekufa. Nikaenda dukani na kiboksi mkononi. Muuzaji akakigeuza, akatazama soketi, akahesabu pini, akanipa kinachofanana. Hapa nikuombe radhi kwa kuinua sauti: usinunue CDI kwa kuangalia sura! Ziko zinazolishwa na magineti na ziko zinazolishwa na betri, na kwa nje unaweza usizitofautishe. Uliza inalishwa na nini kabla hujauliza bei. Tuliyopewa ilikuwa ya betri. Tukaifunga, tukapiga kiki siku nyingine nzima. Mguu wangu wa kulia ulivimba. Mjomba akawa anapiga kwa mguu wa kushoto, amesimama upande usio wake, jirani wanatazama.

Siku ya 8 alikuja kijana mmoja aliyesoma VETA, na kiboksi cha aina inayotakiwa. Akasalimia, shikamoo mzee, akachuchumaa, akaziangalia waya bila kuzigusa kwa muda wa kutosha kumfanya mjomba akohoe. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria.

"Mzee, fremu hii ilipakwa rangi lini?"

Mjomba akatabasamu kwa fahari. Alikuwa ameipaka wiki ileile, nyekundu yenye kung'aa, kumpokea mgeni. Fremu, tangi, mpaka mifuniko. Wahenga hawakukosea waliposema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Kijana akachomoa kwanza ule waya mweusi na mweupe, akaufunga utepe, akauacha unaning'inia. Maana yake, sasa hakuna kitu duniani kinachoweza kuizima injini ile kwa umeme. Kama bado haina cheche, basi tatizo halipo kwenye funguo. Hii njia ni nzuri, mfundishe na mwanao. Akafunga kiboksi alichokuja nacho, akatoa plagi, akailaza juu ya hedi, akapiga kiki. Hakuna moto. Akachukua mita, akaweka ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye bolti inayoshika koili kwenye fremu. Mita ikasema hakuna njia. Umeme unaotoka kwenye koili kwenda kwenye plagi lazima urudi, na njia yake ya kurudi ni chuma cha fremu. Rangi ya mjomba ilikuwa imeiziba. Kijana akatoa msasa, akakwangua rangi mpya chini ya koili na pale bolti za injini zinapokaa. Mjomba aligeuka pembeni, hakutaka kuona.

Kiki moja. Cheche ya buluu, na ule mlio wake mdogo, tat, tat.

Unaona ilivyokuwa? Makosa mawili yalikuwa yamelaliana. Hata kama siku ya kwanza tungeufunga ule waya sawasawa, rangi ingetunyima moto. Na hata kama tungekwangua rangi, betri ingeua kiboksi. Ndiyo maana kila tulichorekebisha kilionekana hakisaidii, tukakirudisha kilivyokuwa.

Plagi ikarudishwa, koki ya mafuta ikafunguliwa, choki ikavutwa. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili ikapiga chafya. Ya tatu ikawaka.

Sitakueleza sauti yake. Nitakueleza kilichofuata. Watoto wakashangilia, shangazi akatoka jikoni na mwiko, mjomba akaisikiliza kidogo kisha akazima funguo. Injini ikaendelea. Akafungua, akazima tena. Inanguruma tu. Akaichomoa funguo kabisa, akaishika kiganjani, akaitazama, halafu akaitazama pikipiki, na pikipiki ikaendelea kunguruma bila kumjali. Ule waya si ulikuwa bado unaning'inia? Kijana akacheka, akapanda, akatia gia kubwa, akabana breki, akaachia klachi. Ikazimika kwa kujikunyata.

Kimya cha safari hii kilikuwa tofauti. Mjomba akasema, "Washa tena."

Kesho yake, waya ukiwa umeshafungwa mahali pake, tulikwenda kuipima. Barabara ni ile ya kwenda Amani, kwenye bustani ya mimea waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902. Ukipita kijiji cha Kisiwani, mlima unaanza na hauna mchezo: kona juu ya kona, miti imefunika barabara, matope hata kiangazi. Mjomba anaendesha, mimi nyuma. Ilipanda vizuri kuliko ilivyowahi kupanda nikiwa na kumbukumbu. Kisha kwenye kona moja ikaanza kukohoa, ikapungua nguvu, ikafa.

Nikaanza kutaja magonjwa. Kabureta. Plagi. Joto. Labda CDI ya tatu nayo. Tulitoa plagi, ncha yake ilikuwa imepauka kuliko inavyotakiwa, dalili ya injini inayokosa mafuta. Lakini tangi lilikuwa na mafuta. Tulikaa robo saa tukiwapisha watu wanaoshuka na magunia. Tukapiga kiki, ikawaka, tukaenda kidogo, ikafa tena. Ndipo mjomba, ambaye siku zote 9 alikuwa msikilizaji tu, akasogeza sikio kwenye tangi, akafungua mfuniko taratibu. Fssss. Tangi likavuta pumzi kama mtu aliyezibwa pua.

Mfuniko wa tangi una tundu dogo la hewa. Mafuta yakishuka kwenda kwenye kabureta, hewa inaingia kushika nafasi yake. Tundu likiziba, tangi linaanza kuyavuta mafuta kurudi ndani, na injini inakufa njaa huku imebeba chakula. Ukisubiri, hewa inapenya kidogo kidogo, ndiyo maana inakubali kuwaka tena. Na nini kilichoziba tundu? Rangi. Ile ile nyekundu. Mjomba alikata mwiba wa mchungwa wa mtu kando ya njia, akatoboa, tukafika Amani.

Nimebakiza jambo moja la karatasi, na ni la kweli hata kama halina raha. Kadi ya pikipiki ina namba ya fremu na namba ya injini, na ina ukubwa wa injini. Kadi ya mjomba inasema 125 na namba ya ile iliyokufa. Chuma kinasema 150 na namba nyingine. Askari akiinama na tochi akazisoma, wewe ndiye utakayeeleza. Tunza risiti ya duka ulikonunua injini, nenda TRA ukabadilishiwe taarifa. Kwa wenzetu wa Kenya, mlango ni NTSA. Sisi tumekwenda. Karani aliuliza injini ya zamani iko wapi, mjomba akajibu, "Ipo."

Na ipo kweli. Wale vijana wa chuma chakavu wamepita nyumbani mara 3 na mizani yao, wamerudi mikono mitupu. Mjomba ameifuta kwa mafuta ya taa, akaifunga kwenye gunia la mbolea, akaiweka chini ya kitanda, upande wa kichwani. Shangazi amelalamika, amechoka. Juzi usiku simu yangu ikaita, saa 4 na ushee, nikashtuka nikidhani kuna msiba.

"Mjomba," akasema, maana na mimi huniita hivyo hivyo, "ukipita Gerezani, niulizie konrodi ya CG. Ya asili, si hizi za kunakili."